Swali Lisiloulizwa: Majaliwa, Hatia na Kujitambua katika Tanzia ya Mfalme Oedipus

Mwanafunzi akiulizwa tanzia ya Mfalme Oedipus inahusu nini, mara nyingi hujibu kwa neno moja: majaliwa. Oedipus alitabiriwa kumwua baba yake na kumwoa mama yake, akakimbia, na huko alikokimbilia akayakuta yale yale aliyokuwa akiyakimbia. Kwa hiyo, husema mwanafunzi huyo, fundisho ni kwamba lililoandikwa haliwezi kufutwa, na binadamu ni mwanasesere tu mikononi mwa miungu.

Jibu hili limezoeleka kiasi cha kukubaliwa bila kuhojiwa. Lakini ni jibu la hatari, hasa kwa kada. Jibu hili linamfaa sana kiongozi anayetaka kukwepa dhima. Ghala likikutwa tupu, ni kudura. Mradi ukifa, ni bahati mbaya. Wananchi wakipata shida, ni hali ya dunia. Kama kweli mojawapo ya michezo mikubwa ya Ugiriki ya kale inafundisha hivyo, basi sisi tunaojifunza fasihi kwa ajili ya kuielewa na kuibadili jamii tungekuwa na haki ya kuuweka kando.

Makala haya yanashikilia kwamba mchezo wenyewe hausemi hivyo. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuupima ukweli wa hoja hii mwenyewe, maana tafsiri ya S. S. Mushi, Mfalme Edipode, imekuwapo tangu mwaka 1971. Hapa tutatumia jina la Oedipus kama linavyoandikwa katika vitabu vingi. Hoja yetu kwa kifupi ni hii: majaliwa yalimfikisha Oedipus kwenye tendo, lakini hayakumfikisha kwenye ukweli. Ukweli aliufikia kwa uchunguzi, na uchunguzi huo aliufanya kwa hiari yake, kwa niaba ya umma uliokuwa unakufa.

Mji ulioutazama mchezo huu

Fasihi haidondoki kutoka mbinguni. Sophocles alizaliwa karibu na mwaka 496 K.K. huko Colonus, pembeni mwa Athens, akafa mwaka 406 K.K. Michezo yake haikuandikwa kwa ajili ya sebule za wakubwa. Ilichezwa katika sikukuu ya Dionysus, sikukuu ya mji mzima, mbele ya maelfu ya watu. Matajiri walipewa wajibu wa kugharimia korasi, na waamuzi wa mashindano walipatikana kwa kura miongoni mwa raia.

Tusiipambe jamii hiyo. Athens ilikuwa jamii ya watumwa. Watumwa ndio waliochimba fedha katika migodi ya Laurium. Wanawake, wageni na watumwa hawakuwa na sauti katika mkutano wa raia. Aidha, mji huo ulikuwa unazinyonya nchi nyingine: hazina ya umoja wa Wagiriki waliopigana na Uajemi ilihamishwa kutoka kisiwa cha Delos hadi Athens mwaka 454 K.K., na michango ya washirika ikageuka kuwa kodi ya dola.

Hata hivyo, ndani ya tabaka la raia, wadogo na wakubwa walikuwa wamepambana, na mapambano hayo yalizaa taasisi ambazo hatuwezi kuzipuuza. Mwaka 462 K.K. Ephialtes aliongoza mageuzi yaliyolipunguzia madaraka baraza la wakuu la Areopagus. Na kila mwenye cheo, muhula wake wa mwaka mmoja ulipokwisha, alipaswa kutoa hesabu ya fedha na ya mwenendo wake, na raia yeyote aliweza kumshitaki. Sophocles aliyajua mambo haya kwa vitendo. Mwaka 443/442 K.K. alikuwa mmoja wa watunza hazina ya umoja huo, na mwaka 441/440 K.K. alichaguliwa kuwa jemadari pamoja na Pericles.

Mwaka 430 K.K. tauni iliingia Athens wakati wa vita na Sparta. Raia, wakiwa katika vifo na njaa ya vita, walimwondoa Pericles katika ujemadari na kumtoza faini. Baadaye walimchagua tena, naye akafa kwa tauni mwaka 429 K.K. Huu ndio umma uliozoea kumwuliza kiongozi: ulifanya nini, na fedha ziko wapi? Mbele ya umma wa namna hii Sophocles aliweka jukwaani mfalme ambaye mji wake unakufa kwa tauni na ambaye anaanza kuuliza: nani mwenye kosa?

Majaliwa yalifika wapi

Hebu tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Kwanza ni matendo yaliyotabiriwa: kumwua baba na kumwoa mama. Matendo haya yote yamekwisha kutendeka miaka mingi kabla ya mchezo kuanza. Pili ni yale yanayotendeka jukwaani mbele ya macho yetu. Haya ya pili ni uchunguzi mtupu, tangu mwanzo hadi mwisho.

Tuufuate uchunguzi huo. Wananchi wa Thebes wanakuja mbele ya jumba la mfalme wakiomba msaada. Oedipus anawajibu kwamba amekwisha mtuma shemeji yake, Creon, kwenda Delphi kuuliza la kufanya. Creon anarudi na jibu: mwuaji wa Laius, mfalme wa zamani, yumo nchini, na lazima aondolewe. Oedipus anataka habari hiyo isemwe hadharani, mbele ya watu wote, ingawa Creon yuko tayari kuisema faraghani. Anatangaza laana juu ya mwuaji na juu ya yeyote atakayemficha, hata kama yumo nyumbani mwake mwenyewe. Anamwita mtabiri kipofu, Tiresias. Anamhoji Jocasta, mkewe. Anamhoji mjumbe kutoka Corinth. Mwisho anaagiza mchungaji mzee aletwe kutoka malishoni.

Katika hatua zote hizi hakuna hata moja ambayo Oedipus alilazimishwa na utabiri aliopewa ujanani. Kauli ya Delphi ilitaja tendo. Haikumwamuru amwite mchungaji. Zaidi ya hayo, kila hatua alipata mtu wa kumshauri aache. Tiresias alimwomba amwache aende zake. Jocasta, alipokwisha kuelewa, alimsihi kwa jina la uhai wake asiendelee. Mchungaji naye alikuwa tayari kunyamaza hadi kufa. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi mara tatu, na mara zote tatu Oedipus alikataa kupita.

Mpinzani wetu ana hoja moja nzito, nasi hatutaificha. Tiresias anasema kwamba mambo yatakuja yenyewe hata akinyamaza, na anatabiri kwamba Oedipus atakuwa kipofu na kwenda ugenini. Je, hilo halithibitishi kwamba hata uchunguzi wenyewe uliandikwa? Tunajibu kwamba mtabiri anajua kwamba ukweli utatoka, lakini mchezo unatuonyesha utatokaje. Hakuna mungu anayeshuka jukwaani kutoa ushahidi. Ukweli unatoka kwa maswali, kwa mashahidi, na kwa kulinganisha maneno ya mmoja na ya mwingine. Aristotle, katika kitabu chake juu ya ushairi, aliusifu mchezo huu kwa sababu kugeuka kwa hali na kutambua ukweli vinatukia kwa pamoja, na kwa sababu vinazaliwa na mfululizo wa matukio yenyewe. Yaani hata mwanafalsafa huyo hakuutafuta uzito wa mchezo katika miungu, bali katika mantiki ya matendo ya watu.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi hulipita. Katika mchezo huu anayejaribu kuusimamisha uchunguzi hatumii hoja ya majaliwa, anatumia hoja ya bahati. Jocasta anasema kwamba utabiri hauna maana, kwamba mambo ya binadamu yanatawaliwa na bahati, na kwamba heri mtu aishi tu jinsi awezavyo. Oedipus mwenyewe, kwa muda mfupi, anaikubali itikadi hiyo na kujiita mtoto wa Bahati. Hapo tunaona kwamba majaliwa na bahati, ingawa yanaonekana kupingana, yanafanya kazi moja pindi yanapotumiwa na mtawala: yote mawili yanamwambia mtu asiulize.

Ukweli ulikuwa malishoni

Sasa tuulize swali la kitabaka: katika Thebes, nani alikuwa anaujua ukweli? Mfalme hakuujua, malkia hakuujua, wala wazee wa mji. Aliyeujua ni mtumwa.

Mtu huyu alizaliwa mtumwa katika nyumba ya Laius. Ndiye aliyekabidhiwa mtoto mchanga, miguu yake imetobolewa na kufungwa, ili akamtupe mlimani Cithaeron afe. Akamwonea huruma, akampa mchungaji mwenzake wa Corinth. Miaka mingi baadaye mtumwa huyo huyo alikuwamo katika msafara wa Laius kwenye njia panda, na yeye peke yake alinusurika. Aliporudi mjini na kumwona Oedipus ametawala, alimshika Jocasta mkono na kumwomba ampeleke mashambani, mbali kabisa na mji. Jocasta akakubali, akimwona ni mtumishi mwema anayestahili hata zaidi ya hilo. Wala hakumwuliza sababu.

Hapa ndipo moyo wa mchezo ulipo, kwa maoni yetu. Ukweli wa dola nzima ulikuwa umepelekwa malishoni kuchunga kondoo. Mjini ilibaki taarifa iliyokubalika kuwa rasmi: kwamba Laius aliuawa na kundi la wanyang'anyi. Taarifa hiyo ilikuwa ya uongo, maana mwuaji alikuwa mmoja. Lakini hakuna aliyeichunguza. Oedipus anapouliza kilichozuia uchunguzi wakati ule, Creon anajibu kwamba walikuwa na taabu ya Sphinx, wakalazimika kushughulikia lililokuwa mbele ya miguu yao. Kila mtendaji analijua jibu la namna hii. Dharura ya leo ndiyo huwa kisingizio cha kutolitazama kosa la jana, mpaka kosa la jana linapokuwa ndilo dharura ya leo.

Na Oedipus mwenyewe? Alipewa kiti cha mfalme aliyeuawa, akapewa na mjane wake, akakaa miaka mingi bila kuuliza kwa makini yule wa kwanza aliuawaje, wapi na lini. Kuua kwenye njia panda kulitukia katika ugomvi na bila kujua. Lakini kukaa juu ya kiti bila kuuliza kilipatikanaje ni jambo la kila siku, na halikuhitaji mungu yeyote.

Hatia ya namna tatu

Wachambuzi wa kimagharibi wamelumbana muda mrefu kama Oedipus ana hatia au hana. Wapo waliomtafutia dhambi ya majivuno ili adhabu yake ionekane ya haki. Wapo waliomfuata Freud, ambaye katika kitabu chake juu ya ndoto, kilichotolewa na mwaka 1900 juu yake, aliugeuza mchezo huu kuwa habari ya tamaa zilizojificha ndani ya kila mtoto. Makundi yote mawili yanafanya kosa moja: yanamtoa Oedipus mjini, yanamfungia peke yake na nafsi yake, na tauni inasahauliwa. Lakini ukiondoa tauni hakuna mchezo, kwa sababu hakuna umma unaodai jibu.

Ili kuelewa, inafaa tutofautishe hatia za namna tatu. Ya kwanza ni unajisi. Kwa imani ya Wagiriki, damu iliyomwagwa ilimchafua mtendaji na mji wake, awe alikusudia au hakukusudia. Hii ni fikra ya zamani sana, ya nyakati za koo na visasi.

Ya pili ni hatia ya kisheria. Hii ilikwisha kuendelea katika Athens. Sheria ya Draco, ya karibu na mwaka 621 K.K., ilitenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, na sheria hiyo ilichongwa upya juu ya jiwe mwaka 409/408 K.K. Kesi za kukusudia zilikwenda Areopagus, zisizo za kukusudia zilikwenda mahakama ya Palladion. Aeschylus, katika tanzia zake tatu za mwaka 458 K.K. juu ya nyumba ya Agamemnon, alionyesha jinsi kisasi cha damu kilivyopokelewa na baraza la waamuzi. Ndiyo maana Engels alizitaja alipokuwa akieleza historia ya familia katika dibaji yake ya mwaka 1891. Kwa sheria hii, Oedipus ana utetezi mkubwa. Sophocles alimpa utetezi huo katika mchezo wake wa uzeeni, Oedipus huko Colonus, uliochezwa mwaka 401 K.K. baada ya kifo chake. Humo mzee kipofu anasema alishambuliwa kwanza, alijitetea, na hakujua aliyekuwa akimpiga ni nani.

Ya tatu ni dhima: wajibu wa mtu kujibu kwa yaliyotokea chini ya mkono wake na utawala wake, hata pale ambapo hakukusudia. Hii ndiyo hatia ya Mfalme Oedipus. Wazee wanapomwuliza ni mungu gani aliyemsukuma kuyatoboa macho yake, anajibu kwamba Apollo ndiye aliyeyaleta mateso yake, lakini mkono uliopiga ulikuwa wake mwenyewe. Hapo Oedipus hakatai kwamba kulikuwa na nguvu nje yake. Anazitaja waziwazi. Ila anakataa kuzitumia kama kichaka cha kujificha. Kutambua sababu za nje na wakati huo huo kuikubali sehemu yako ni kitendo cha mtu aliyekomaa, na ndicho kitendo ambacho wengi wetu tunakishindwa katika vikao.

Kujitambua si kujilaumu tu

Katika hekalu la Delphi yaliandikwa maneno mawili yanayomtaka mtu ajitambue. Oedipus alikuwa bingwa wa maarifa. Kwa mujibu wa hadithi alikitegua kitendawili cha Sphinx juu ya kiumbe mwenye miguu minne, kisha miwili, kisha mitatu. Jibu lilikuwa binadamu. Alimjua binadamu kwa jumla, lakini hakujijua yeye. Jina lake lenyewe lina maana ya miguu iliyovimba. Kila siku alitembea juu ya ushahidi, na makovu yake hakuyauliza.

Hili ni onyo kwa kila msomi wa nadharia. Inawezekana kueleza kwa ufasaha habari za jamii, za tabaka na za historia, na wakati huo huo kutojua mtu mwenyewe amesimama wapi, kiti chake kimetoka wapi, na nani analipa gharama yake. Maarifa ya jumla yasiporudi kumchunguza anayeyatumia hubaki kuwa ujanja wa kutegua vitendawili.

Lakini tusiseme kwamba kujitambua ni kujipiga kifua. Wengine watauliza: uchunguzi ulimfaa nini, kama ulimwua Jocasta na kumpofusha Oedipus? Jibu limo katika sura ya kwanza ya mchezo, ambamo wazee, vijana na makuhani wamekaa mbele ya jumba la mfalme huku mji unakufa. Uchunguzi haukufanywa kwa faida ya Oedipus. Ulifanywa kwa ajili yao. Kiongozi anayepima uchunguzi kwa kipimo cha usalama wake mwenyewe amekwisha kuusahau umma uliokaa mlangoni.

Upungufu wa mchezo

Pamoja na sifa hizi, mchezo una mipaka ya jamii yake, na mhakiki mwaminifu lazima aitaje. Oedipus anapobanwa na maneno ya Tiresias, jambo la kwanza analofanya ni kudai kuna njama, na kumtishia Creon kifo bila ushahidi. Mtawala aliyeshitakiwa mara moja anawaona wasemaji kuwa maadui wa dola. Na mchungaji anaposita kusema, mfalme anaamuru afungwe mikono na kutishiwa mateso. Watazamaji wa Athens hawakushangaa, maana katika mahakama zao ushahidi wa mtumwa kwa kawaida ulipokewa tu kama umetolewa kwa mateso. Yule aliyemwokoa mtoto na kuutunza ukweli ndiye anayeteswa ili autoe. Mchezo unatuonyesha jambo hili, lakini haulihukumu.

Tena, ukombozi wa Thebes unategemea sifa za mtu mmoja. Ilitokea tu kwamba mfalme huyu alikuwa na ujasiri wa kwenda hadi mwisho. Angekuwa mwingine, mchungaji angefia malishoni na mji ungekwisha. Athens haikujenga utaratibu wake juu ya matumaini ya namna hiyo; iliweka ukaguzi wa kila mwaka, ambao haukungoja tauni wala haukungoja dhamiri ya mkubwa.

Waandishi wa Afrika wameusoma mchezo huu kwa macho yao. Ola Rotimi wa Nigeria aliuhamishia katika nchi ya Wayoruba katika mchezo uliochezwa mara ya kwanza mwaka 1968, ambao jina lake lenyewe linasema kwamba miungu haina lawama. Odewale wake anamwua mzee kwa sababu kabila lake limetukanwa. Mlango ambao msiba unaingilia ni ukabila. Rotimi aliandika wakati nchi yake imo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akakataa kuwaachia watu wake kisingizio cha majaliwa. Unaweza kubishana naye juu ya mengi, lakini njia aliyoishika ni sahihi.

Hitimisho

Tunaposoma tanzia hii katika vikundi vyetu, tusiishie kubishana kama binadamu anaweza kushindana na alichoandikiwa. Swali hilo halina mwisho, na mara nyingi huwapa watu nafasi ya kutolijibu lingine lililo karibu zaidi. Tuulize kwanza: katika kijiji hiki, katika kiwanda hiki, katika ofisi hii, ni swali gani ambalo miaka yote hatujaliuliza kwa sababu kulikuwa na dharura? Ni taarifa gani tunaikubali kwa kuwa tu imekwisha kuandikwa? Na yule mtu mnyonge aliyeomba ahamishiwe mbali siku ile kiongozi mpya alipoingia, nani alimwuliza sababu?

Kazi ya kada ni kumfuata mchungaji huko malishoni na kumsikiliza bila kumfunga mikono. Anayosema yakimwelekea kada mwenyewe, kada huyo asimame ayasikilize hadi mwisho, kama Oedipus alivyosimama.